Siku moja maishani mwangu: naandika katuni za watoto

Saa 12 asubuhi. Nimebanwa kwenye daladala ya Makumbusho, skripti iko kwapani. Naandika vipindi vya televisheni vya watoto wa chekechea hapa Dar.

Saa 3. Kikao. Kipindi cha leo ni harusi ya shangazi, Tanga. Ubishi umeanzia ukurasa wa 4: mama na binti wanapika, baba na kaka wanafunga turubai. Mwenzangu anasema, "Si ndivyo mila ilivyo?" Mila ipi? Nenda shughuli yoyote ya Pwani uchungulie uani. Pilau la masufuria makubwa mara nyingi lipo mikononi mwa wanaume, vifua wazi, jasho linawatiririka. Sisi waandishi ndio tunaomrudisha baba sebuleni na gazeti lake.

Baba kapewa mwiko. Binti tukampandisha ngazi akafunge turubai.

Kumfanya msichana awe nyota si shida tena. Watoto wetu wamemzoea Akili, msichana wa katuni wa miaka 4, anayeishi chini ya Mlima Kilimanjaro na kila akilala anaingia Lala Land, ulimwengu wa ndotoni. Kinachonisumbua mimi ni wavulana wanaomzunguka huyo nyota. Afghanistan, Sesame Street ya kwao, kile kipindi cha watoto cha vikaragosi, ilimleta Zari mwaka 2016, msichana wa miaka 6 anayependa shule. Mwaka 2017 wakamwongeza mdogo wake wa kiume, Zeerak, anayemhusudu dada yake na kutaka kujifunza kwake. Hapo walipiga ndipo.

Saa 6. Studio. Mtoto anayemwigiza kaka anapaswa kusema, "Dada, nifundishe kufunga fundo." Anasoma mara ya kwanza vizuri, ya pili anaangua kicheko: "Kwani yeye ndo anajua?" Mwongozaji akataka kukata. Nikamwomba aache, maana ndivyo watoto wanavyoongea. Nimeandika jibu papo hapo: dada hajibu kitu, anavuta kamba, turubai linasimama. Kaka anasogea.

Mchana nimekula chipsi mayai, basi.

Saa 9. Chekechea ya jirani, kujaribu michoro. "Shikamoo anti!" Nawaonyesha baba akikoroga sufuria, nasubiri wagune au wacheke. Kimya. Kisha mmoja wa mbele ananyoosha kidole: "Anti, mbona pilau halina nyama?"

Darasa zima likamuunga mkono.

Saa 11 nimempigia mchoraji. Nyama inaongezwa kesho.