Magaga, chai ya saa kumi na ile saa yako ya mchana

Mtu akitoka ofisini Posta saa kumi na moja jioni akashuka Mbagala saa moja na nusu, mkono umekufa ganzi kwa kushika bomba la daladala, usiku huo hana nguvu ya kujitunza. Kuna jiko, kuna watoto, kuna sare za kupiga pasi. Ndiyo maana ushauri wa "tenga muda ukitoka kazini" haumalizi wiki. Muda utafute pale ambapo tayari ni wako, na pa kwanza ni mchana.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi anayefanya kazi zaidi ya saa 5 mfululizo mapumziko yasiyopungua dakika 60. Mwajiri anaweza kumtaka afanye kazi ndani ya saa hiyo iwapo tu kazi yenyewe haiwezi kuachwa bila mtu, au hakuna mwingine wa kuishika. (Wanaosimamia wenzao na kuripoti moja kwa moja kwa wakubwa wa juu wametolewa kwenye kifungu hicho, hao wajipangie wenyewe.) Wengi saa hii hawanyang'anywi, wanaigawa bure: wanakula mezani, mkono mmoja kijiko, mwingine kipanya. Ukionekana kwenye kiti unahesabiwa uko kazini, faili litaletwa tu. Nyanyuka uende.

Mwagize mama ntilie kabla ya saa sita na nusu, maana foleni ya saa saba inameza robo saa nzima. Kula dakika 20. Tembea kivulini 10. Halafu tafuta pembe tulivu ufumbe macho dakika 20, simu umeitega kengele. Usivuke nusu saa, kwa sababu hapo mwili unaingia usingizi mzito, na ukikatizwa katikati unaamka kichwa kama gunia. Dakika 10 zinazobaki ni za kunawa uso na kurudi. Sahani nayo iangalie: wali uliojazwa mpaka pembeni utakulaza ukiwa umesimama.

Kisha chai. Kafeini hukaa mwilini. Baada ya saa kama 5 nusu yake bado iko kwenye damu, kwa wengine zaidi. Kikombe cha saa kumi jioni kinakuwa nawe saa tatu usiku, wakati anayeamka saa kumi na moja alfajiri awahi gari anatakiwa awe amelala saa nne ili apate saa zake 7. Kikombe cha mwisho kiwe saa nane mchana. Baada ya hapo kunywa mchaichai au tangawizi tupu, ila uliza kwanza, kwani "tangawizi" za maofisini mara nyingi zimechemshwa na majani ya chai.

Sasa miguu. Mwalimu, muuguzi, mhudumu wa duka, wote wanasimama kutwa na wote wanaisahau mpaka magaga yanase kwenye shuka. Tenga nusu saa Jumamosi usiku.

Weka maji ya vuguvugu kwenye beseni, yafike vifundoni. Yapime kwa kiwiko. Ngozi ya kisigino ni nene na itakudanganya. Loweka dakika 10 hadi 15, basi. Ukikaa saa nzima maji yanaondoa mafuta ya asili na kesho ngozi inakauka kuliko jana. Chumvi si lazima. Ngozi ikilainika, sugua kwa jiwe la miguu, taratibu, ukilipeleka upande mmoja. Acha mara tu ngozi inapokuwa nyororo. Hulazimiki kuimaliza yote leo. Wembe usiuguse kabisa: unakata kina usichokiona, na kidonda cha kisigino hakiponi haraka kwa kuwa unakikanyaga kila hatua.

Kausha kwa taulo, hasa katikati ya vidole, ambako unyevu huleta fangasi. Halafu pakaa ndani ya dakika chache, ngozi ikiwa bado na unyevunyevu. Kama magaga ni sugu, anza na krimu ya duka la dawa yenye urea asilimia 10 hadi 25, kisha juu yake Vaseline. Mafuta ya nazi ni mazuri, lakini kwa joto la Dar ni maji matupu, yanaishia kwenye ndala. Vaseline ndiyo inayofungia unyevu ndani. Usipake kati ya vidole. Vaa soksi za pamba ulale nazo. Siku za kawaida hatua ni mbili tu, kuosha na kupaka, dakika 3 kabla ya kupanda kitandani. Kosa la kawaida ni kusugua sana Jumamosi na kusahau mafuta siku 6 zilizobaki.

Mwenye kisukari haya ya beseni na jiwe hayamhusu. Ganzi humfanya asihisi moto wala mchubuko, kwa hiyo aoshe kwa maji ya kawaida, akague nyayo kila usiku kwa kioo, na ufa wowote aupeleke kliniki. Vilevile, mguu mmoja ukivimba na kuuma huku ule wa pili uko sawa, hiyo si ya kukandwa nyumbani. Nenda hospitali siku hiyohiyo.

Ukishayalainisha magaga, angalia unachovaa. Ndala na viatu vilivyo wazi nyuma huacha kisigino kitanuke pembeni kwa uzito wako, ngozi kavu inapasuka tena. Viatu vya kazi viwe na nyuma iliyofungwa, na uvinunue jioni ukipita Kariakoo, miguu ikiwa imevimba kidogo. Kiatu kinachokutosha saa mbili asubuhi kitakubana saa tisa.