Chumba cha Virginia Woolf Kinaingiliwa Bustanini

Kitanda cha mwandishi Mwingereza Virginia Woolf nilikitafuta nyumba yake nzima, kusini mwa Uingereza, nisikione. Nilipita sebule ya kijani, nikapita jikoni, nikarudi nilikotoka. Mzee aliyekuwa akiwaongoza wageni akaniambia nitoke nje, nizunguke. Mvua ilikuwa inanyesha.

Chumba chenyewe kiliongezwa ubavuni mwa nyumba mwaka 1929, na mlango wake unatazama bustani. Ndani ya nyumba hakuna pa kupitia. Kila usiku mwenyewe alitoka, akapita penye baridi, ndipo akalala. Nilisimama kizingitini viatu vikivuja tope, nikaona kitanda chembamba, vigae vya mahali pa moto alivyochorewa na dada yake Vanessa Bell, na rafu yenye vitabu vya Shakespeare alivyovivalisha kwa mkono wake karatasi za rangi. Mwaka huohuo ndipo alipochapisha kitabu *A Room of One's Own* (yaani, chumba cha mtu mwenyewe), kinachosema mwanamke akitaka kuandika lazima awe na fedha na chumba chake, na anamouliza ingekuwaje kama Shakespeare angekuwa na dada mwenye kipaji kama chake.

Wengi wetu tunakinukuu kile chumba na kuzisahau zile fedha, pauni 500 kwa mwaka. Yeye alivitaja pamoja, na mlango akautaka uwe na kufuli. Nyumba hii, Monk's House, yeye na mumewe Leonard waliinunua mnadani mwaka 1919 kwa pauni 700. Choo cha maji na bafu vilingoja hadi 1926, vitabu vyake vilipoanza kuleta fedha. Mtu anayeuliza uhuru wa mwandishi unafananaje, mimi ningemwonyesha bomba la choo hicho.

Anayetaka kwenda aulizie kwanza siku za kufunguliwa, maana majira ya baridi hufungwa. Kutoka London Victoria panda treni hadi Lewes, kama saa moja, kisha ubadilishe ya Seaford na kushuka Southease. Nauli inauma. Kutoka hapo ni kutembea hadi kijiji cha Rodmell. Ukifuata ukingo wa mto Ouse vaa buti, kwani mto huo hujaa na kupwa kama bahari, na tope lake halibanduki. Mimi nilivaa raba. Humo mtoni ndimo Woolf alimojitosa akafa, Machi 1941. Kibanda chake cha kuandikia, mwisho wa bustani, unakichungulia kwa kioo tu.

*A Room of One's Own* kilitokana na mihadhara aliyowapa wanafunzi wa kike Cambridge, Oktoba 1928. Ndani yake, msimulizi anaishi kwa urithi wa shangazi aliyekufa kwa kuanguka kutoka juu ya farasi huko Bombay, na anakiri fedha hizo zilimfaa kuliko haki ya kura. Nilipofika kwenye Bombay nikamkumbuka Siti binti Saad wa Fumba, binti wa wafinyanzi aliyeuza vyungu mjini Unguja huku akiimba. Mwaka 1928 huohuo alivuka bahari kwenda Bombay kurekodi nyimbo zake za Kiswahili. Hakurithi kwa shangazi. Alikwenda na sauti.

Treni ya kurudi ilinipita daraja la Southease likiwa mbele yangu. Inayofuata ilikuwa baada ya saa nzima.