Geji Iliyolala

Mwaka 2006, Njombe, nilikabidhiwa pikapu ya Land Rover Series III ya dizeli. Geji yake ya mafuta ilikuwa imelala kwenye E, yaani tupu. Dereva aliyenitangulia alipima tangi kwa ufito na hakutoka bila dumu la lita 20. Fundi mmoja alishatoa hukumu: geji imekufa, nunueni nyingine.

Mzee aliyenifundisha umeme wa magari hakugusa hata dashibodi.

"Ya joto inafanya kazi?"

"Inafanya, mzee."

"Basi regyuleta nzima."

Kwenye gari hizi geji ya mafuta na ya joto zinalishwa na kidude kimoja nyuma ya dashibodi, ndiyo regyuleta, kinachoshusha umeme wa betri hadi wastani wa volti 10. Kikifa, zinalala zote mbili. Kikikosa ethi (njia ya hasi kupitia bodi), zote zinasoma juu kuliko hali halisi. Ikilala moja tu, kosa liko kwenye njia yake.

Tukatoa mto wa kiti na bati la chini yake, floti, kile kipimio cha mafuta kinachoingia tangini, ikaonekana juu ya tangi. Swichi ya gari ikiwa imewashwa, nikachomoa waya wa floti na kuugusisha kwenye bati tupu la bodi. Kimya. "Subiri," akasema. Ndani ya geji hizi kuna ukanda wa metali mbili unaojikunja ukipata joto, kwa hiyo mshale hauruki. Baada ya sekunde kadhaa ukaanza kuinuka. Ulipovuka nusu akaniambia niondoe, maana kuung'ang'aniza pale ni kuichosha geji bure. (Kwa petroli usithubutu: cheche moja juu ya tangi inatosha. Zima swichi, unganisha kwa waya mrefu, ndipo uwashe.)

Geji nzima, waya mzima. Multimita, kutoka terminali ya floti hadi bamba lake lenyewe, ilisoma ukinzani wa omu 170. Floti ya aina hii huwa karibu 240 tangi likiwa tupu, na karibu 30 likijaa, kwa hiyo ilikuwa hai. Kutoka terminali hiyo hiyo hadi chasisi: umeme haupiti kabisa. Tangi liliwahi kuchomelewa, likapigwa rangi mpaka kwenye boleti, na floti imekalia gasketi ya mpira. Hasi ingepita wapi?

Tukafungua skrubu moja ya floti, tukaisugua kwa msasa hadi ing'ae, tukafunga waya wa milimita 1.5 wenye lagi ya pete kwenda chasisi. Mimi kwa haraka nikafunga ncha ya pili juu ya kutu. Kutoka bamba la floti hadi chasisi mita ikacheza omu mia tatu, mia tano. Mzee akanirudishia msasa bila neno. Mara ya pili tulipata chini ya omu moja, tukapaka grisi.

Swichi. Mshale ukapanda taratibu, ukatulia juu kidogo ya robo. Nikazamisha ufito, ukatoka umelowa sentimita nane.

"Piga alama hapo," akasema, na ufito ukarudi nyuma ya kiti.