Siku moja maishani mwangu: kuwatafuta bakteria wa nimonia na mkamba sugu

Saa 1:30 asubuhi. Mbeya mwezi Juni ni baridi kali, na maabara yetu ya bakteria huelemewa na makopo ya makohozi. Hata hivyo, kabla ya kupokea sampuli mpya nilifungua inkubeta kusoma sahani zilizooteshwa jana. Ya kwanza ilikuwa ya mzee aliyelazwa akiwa na homa, kichomi na makohozi ya rangi ya kutu. Juu ya ageri ya damu, yaani jeli yenye damu ya kuoteshea bakteria, vilikuwa vimeota vikoloni vidogo vilivyobonyea katikati, na damu iliyovizunguka ilikuwa imegeuka kijani. Bakteria wa kawaida wa mdomoni nao huigeuza damu hivyo hivyo, ndiyo maana jana niliweka juu ya sahani diski ya optokini, dawa inayomzuia bakteria wa nimonia asiote. Nilipopima kwa rula, duara ambamo hakuna kilichoota lilikuwa na kipenyo cha milimita 17, na kwa diski ya milimita 6 kikomo cha chini cha kumtambua ni 14. Huyo alikuwa Streptococcus pneumoniae, aliyetengwa mwaka 1881 na Pasteur nchini Ufaransa na Sternberg nchini Marekani, kila mmoja kwa njia yake.

Saa 3 asubuhi. Bibi mmoja alikuwa amekaa kwenye benchi, na kopo lake lilikuwa na mate meupe yenye povu.

“Shikamoo, bibi.”

“Marahaba, mwanangu. Nimeshatema, au hayatoshi?”

“Yanatosha, bibi, ila haya ni ya mdomoni. Ninayoyahitaji ni yale ya kifuani.”

Nilimpa maji asukutue, tukatoka nje penye hewa, akavuta pumzi ndefu mara mbili, kisha akakohoa kwa nguvu kutoka chini kabisa. Yalitoka mazito, ya kijani. Naamini dakika hizo zina thamani kuliko mashine yoyote tuliyo nayo, kwa sababu ukiotesha mate utapata bakteria wa mdomoni, na mgonjwa atapewa dawa ya ugonjwa asio nao.

Hajawahi kuvuta sigara, lakini amepikia kuni tangu utotoni, na kwa miaka kadhaa sasa hukohoa makohozi miezi mitatu au zaidi kila mwaka. Mkamba sugu hutambuliwa kwa kipimo hicho hicho: kikohozi chenye makohozi kwa miezi isiyopungua 3 katika mwaka, kwa miaka 2 mfululizo, bila sababu nyingine inayokieleza. Nilipomwuliza kuhusu dawa, alisema amenunua amoksisilini dukani na kuimeza kwa siku mbili. Nililiandika hilo kwa herufi kubwa kwenye fomu, kwa kuwa dozi chache tu zinaweza kuzuia bakteria wasiote, na sahani tupu ikamfanya daktari aamini kwamba hawakuwapo.

Saa 4:30. Nilichagua sehemu yenye usaha, nikaipaka kwenye slaidi na kuitia rangi: zambarau, ayodini, alkoholi kwa sekunde chache, kisha safranini. Hans Christian Gram aliitangaza njia hii mwaka 1884 akiwa Berlin, alipokuwa akichunguza mapafu ya watu waliokufa kwa nimonia. Kwa lenzi ndogo nilihesabu seli za usaha zaidi ya 25 na seli za utando wa mdomo chini ya 10 katika kila eneo, yaani makohozi haya yametoka kifuani kweli. Kwa lenzi ya mafuta nikaona vijifimbo vifupi vyekundu, hafifu, ambavyo jicho lenye haraka huvipita. Slaidi ya yule mzee ilionyesha kitu tofauti kabisa: jozi za zambarau zilizochongoka, kama miali miwili ya mshumaa iliyounganishwa kitako kwa kitako.

Saa 6 mchana. Vijifimbo vile vilinifanya nishuku Haemophilus influenzae, ambaye haoti vizuri kwenye ageri ya damu ya kawaida. Humwotesha kwenye ageri ya chokoleti, ambayo damu yake imepashwa moto hadi seli nyekundu zikapasuka na kuachia hemini na NAD, virutubisho anavyovihitaji. Sahani ziliingia kwenye mtungi wenye mshumaa unaowaka, ili unapozimika hewa ya kaboni dioksidi iwe imeongezeka.

Saa 8 mchana. Nilimpigia daktari wa wodi ya wanaume kuhusu mgonjwa mwingine wa mkamba sugu.

“Daktari, ameota Haemophilus. Je, hali yake imebadilika?”

Swali hilo siliachi kamwe. Haemophilus, pneumococcus (yule Streptococcus pneumoniae wa asubuhi) na bakteria mwingine, Moraxella catarrhalis, wanaweza kukaa katika njia za hewa za wagonjwa hawa hata wakati wana nafuu. Mwaka 2002 watafiti wa Buffalo, Marekani, walionyesha kwamba hatari ya ugonjwa kuzidi ghafla hupanda mgonjwa anapopata aina ndogo mpya ya bakteria ambayo hakuwa nayo, na sahani zetu haziwezi kutenganisha aina hizo ndogo. Tena mara nyingi anayeuchochea ugonjwa ni kirusi. Kwa hiyo tunaegemea maswali matatu yaliyotoka Winnipeg, Kanada, mwaka 1987: je, pumzi inabana zaidi, makohozi yameongezeka, na yamezidi kuwa ya usaha? Daktari alijibu ndiyo kwa yote matatu. Nilikuwa nimeshagusisha koloni na nitrosefini, kemikali ya kupimia, ambayo iligeuka kutoka njano kuwa nyekundu, ishara kwamba bakteria huyo anatengeneza kimeng’enya cha kuivunja amoksisilini. Daktari akachagua amoksisilini iliyochanganywa na klavulaneti, inayokizuia kimeng’enya hicho.

Saa 9:30 alasiri. Kipimo cha bibi cha GeneXpert, cha kutafuta kifua kikuu, kilikuwa tayari. Ripoti yake ya awali niliipeleka kliniki mwenyewe: usaha mwingi, vijifimbo vya Gram hasi (vile vyekundu), kifua kikuu hakikuonekana, alishameza amoksisilini siku mbili, majibu ya kuotesha yasomwe kesho asubuhi.