Kipimajoto kinasema 3, viazi vina sakitu

Kinangop, nyanda za juu za Kenya, alfajiri ya leo. Kipimajoto kilichotundikwa mita moja na nusu juu kinasoma nyuzijoto 3, lakini majani ya viazi kule bondeni ni meupe kwa sakitu, ile barafu nyembamba ya usiku wa baridi.

Wala si kibovu.

Usiku usio na mawingu wala upepo, ardhi hutoa joto lake kwenda angani, na hewa inayoigusa hupoa kwanza. Hewa baridi ni nzito, huteremka na kutuama bondeni.

Shusha kipimajoto hadi sentimita 5 kutoka udongoni, kisifunikwe, ukisome kabla jua halijachomoza.

Na matandazo makavu, yaani nyasi za kufunika udongo? Yanazuia joto la udongo lisifikie majani! Wengi hubisha hapa. Udongo mtupu wenye unyevu ndio unaosaidia.

Kwenu sakitu imeanzia upande gani wa shamba?