Springi kwanza, sayari baadaye

Ukitaka kujifunza kutatua fizikia kwa kompyuta, anza na springi kabla ya mizunguko ya sayari. Jibu lake linapatikana kwa kalamu na karatasi, kwa hiyo kosa la programu halina pa kujificha. Funga tungamo la kilo 1 kwenye springi yenye konstanti ya nyutoni 1 kwa mita, livute hadi x = 1 (x ni mita kutoka linapotulia), liachie. Mchapuko ni −x. Nishati, yaani nusu ya x² + v² (v ni kasi), ni 0.5, na bila msuguano haitakiwi kubadilika.

Njia ya mwanahisabati Leonhard Euler, aliyoichapisha mwaka 1768, ndiyo nyepesi kuliko zote. Inasogeza mwendo hatua kwa hatua, kila hatua ikiwa muda h. Tumia h = 0.1 (sekunde):

x_mpya = x + h*v
v_mpya = v - h*x

Hatua ya kwanza, x inabaki 1, v inakuwa −0.1, nishati 0.505. Ya pili, x = 0.99, v = −0.2, nishati 0.51005. Inapanda tu. Fungua mabano ya x² + v² uone: kila hatua inaizidisha nishati kwa 1 + h², hapa 1.01. Ukifika hatua ya 100 ni 1.35. Wengi hukimbilia kupunguza h. Lakini h = 0.01 inadai hatua 1,000 kufika sekunde ile ile ya 10, na nishati bado imezidi kwa karibu asilimia 10.5.

Afadhali ubadili mpangilio:

v = v - h*x
x = x + h*v

Sasa x inasogezwa na v mpya. Hatua ya kwanza inatoa v = −0.1, x = 0.99, nishati 0.49505. Itashuka na kupanda kati ya 0.476 na 0.526, lakini haitoroki, hata uende hatua milioni, kwa sababu njia hii inahifadhi x² + v² − hxv, jirani wa karibu wa nishati. Huitwa Euler-Cromer, kwa mwanafizikia Alan Cromer aliyeiandikia makala mwaka 1981. Kwa springi hii h ibaki chini ya 2. Ukivuka hapo namba zinalipuka.

Angalia vizuri hizo x_mpya na v_mpya. Ukiziacha, ukaandika x = x + h*v kisha v = v - h*x, tayari umetoka kwenye Euler bila kujua, maana mstari wa pili unatumia x iliyokwisha kusogea. Grafu itapendeza na hutajua kwa nini.

Runge-Kutta ya daraja la nne, njia nyingine, hukokotoa mchapuko mara nne kwa kila hatua, makadirio yanayoitwa k1 hadi k4. Ijaribu hivi: kata h nusu, linganisha kosa (tofauti na jibu la kalamu) kwenye sekunde ile ile. Linapaswa kupungua takriban mara 16. Kwa Euler, h ikiwa ndogo, ni mara 2. Likipungua mara 4 tu, kagua k3: huenda umeikokotoa kwa k1 badala ya k2. Ni kosa la herufi moja, na grafu hailionyeshi.

Muda nao una mtego. Ukijumlisha 0.1 mara 100 kwenye lugha ya Python unapata 9.99999999999998, hivyo amri ya kurudia hatua muda t ukiwa chini ya 10, "while t < 10" inapiga hatua ya 101, na jaribio la kukata h linaharibika. Hesabu hatua kwa namba kamili n, kisha andika t = n*h.