Bega la Kushoto: Kumbukumbu za Kumfundisha Binti Yangu Kulenga Shabaha

Jumamosi ya kwanza

Binti yangu ana miaka kumi. Tangu akiwa mdogo ananiona nikitoka na begi la bunduki ya upepo kwenda uwanja wa shabaha, na leo zamu ilikuwa yake. Sheria tumezirudia nyumbani wiki nzima hadi akawa ananikosoa mimi: mtutu unaelekea shabaha wakati wote, kidole kinakaa nje ya kifyatulio mpaka umeshalenga, na kila bunduki ihesabiwe ina risasi hata kama umeikagua sasa hivi. Alivaa miwani ya kinga, akakaa kwenye kiti, mtutu ukaegemezwa kwenye mfuko wa mchanga. Risasi za milimita 4.5, umbali wa mita 10, vilengeo vya kawaida vya wazi, yaani alama mbili za kulengea juu ya bunduki, moja nyuma karibu na jicho na moja mbele. Nilimwekea karatasi nyeupe isiyo na miduara, yenye kitone kikubwa cheusi katikati, kwa sababu sitaki aanze kwa kuhesabu pointi.

Risasi ya kwanza sikuiona imepiga wapi. Ya pili vilevile. Ya tatu nikaisikia ikigonga ubao wa nyuma, mbali sana na karatasi yetu, karibu na njia ya jirani. Msimamizi akasimamisha upigaji, bunduki zikafunguliwa na kuwekwa chini, tukaenda kutazama. Matundu matatu, yote kushoto, yamekaribiana. Nilipima kutoka kwenye kitone: sentimita 61.

"Mama, lakini nilikiona kabisa kilengeo kiko katikati."

Nilimwamini. Mtoto anayeyumbisha bunduki hutawanya risasi huku na huku. Matundu matatu yaliyokaa pamoja mahali pasipo pake yanasema jambo jingine: alilenga vizuri, ila hakulenga kwa jicho nililodhani.

Jioni ya siku hiyo hiyo

Nilimwambia anyooshe mikono mbele, akutanishe viganja viwili aache kitundu kidogo, kisha kwa macho yote mawili atazame kitasa cha mlango wa mbali kupitia kitundu hicho. Halafu avute mikono polepole hadi usoni bila kukipoteza kitasa. Mikono ikaja moja kwa moja kwenye jicho la kushoto. Tukarudia kwa karatasi yenye tundu, maana watoto wakishajua unatafuta nini wanaweza kukupa jibu wanalodhani unalitaka. Mara kumi, na tisa kati yake ni kushoto.

Huyu si mashoto. Anaandika kwa kulia, anakula kwa kulia, anarusha mpira kwa kulia. Lakini jicho lake tawala, yaani lile ambalo ubongo huamini picha yake, ni la kushoto. Watu wa namna hii si wachache. Karibu theluthi moja ya watu jicho lao tawala ni la kushoto, na wengi wao hutumia mkono wa kulia bila kujua lolote, kwa sababu katika maisha ya kila siku jambo hili halimsumbui mtu. Jaribio lenyewe ni la zamani. Mtaliano Giambattista della Porta alieleza habari za jicho tawala mwaka 1593.

Nikakaa na kalamu nifanye hesabu. Macho yake yameachana karibu sentimita 5.5. Kutoka usoni hadi kilengeo cha mbele ni kama sentimita 80. Bunduki iko bega la kulia, shavu liko kwenye kitako, jicho la kulia liko nyuma ya kilengeo cha nyuma, lakini ubongo unaamini picha ya jicho la kushoto. Jicho hilo linaona kilengeo cha mbele kimekaa juu ya kitone, kumbe mtutu wenyewe umeelekea kushoto. Ukiendeleza mstari huo hadi mita 10, kosa linakuwa sentimita 63. Nilipima 61. Nililala nikiwa na furaha ya ajabu, kwa kuwa tatizo lililokubali kuhesabiwa lina dawa yake.

Wiki ya pili

Kabla ya kurudi uwanjani nilimpeleka kwa daktari wa macho. Nawasihi wazazi wengine wafanye hivyo hivyo: jicho kutotawala si sawa na jicho kutoona vizuri, lakini huwezi kutofautisha mambo hayo mawili kwa kubahatisha. Macho yake yote mawili ni mazima, na yanaona sawa. Jicho la kulia halina ugonjwa wowote. Halipewi tu neno la mwisho.

Uwanjani tulianza na njia ambayo kila mtu huishauri: fumba jicho la kushoto. Risasi zilirudi kwenye karatasi papo hapo. Kundi la risasi tano, nikipima katikati ya tundu hadi katikati ya tundu kwa yale mawili yaliyoachana zaidi, lilikuwa milimita 48. Tulishangilia. Lakini kufikia raundi ya nne uso mzima ulikuwa umejikunja, shavu limeinuka kwenye kitako, na anapumua kwa haraka. Kufumba jicho moja kwa nguvu ni kazi ya misuli, na misuli hiyo huvuta hata upande wa jicho lililo wazi. Tena mboni za macho mawili hufanya kazi pamoja: ukilitia jicho moja gizani, mboni ya jicho la pili nayo hupanuka, na mboni ikipanuka vilengeo na shabaha haviwezi kuonekana vikali kwa wakati mmoja. Ndiyo maana hata kitambaa cheusi cha kufunika jicho sikukitaka.

Wiki ya tatu hadi ya tano

Hapa ndipo nilipotumia muda mwingi kuliko popote, na sijutii.

Nilibandika kipande cha utepe mweupe usioonyesha vizuri kwenye kioo cha kushoto cha miwani yake ya kinga. Si kioo kizima. Ni mduara unaolingana na ukucha wa kidole gumba, mahali pale tu ambapo jicho la kushoto lingekiona kilengeo cha mbele akiwa ameshalaza shavu. Kupata mahali penyewe kulituchukua karibu nusu saa: yeye ameshika bunduki tupu iliyofunguliwa, anatazama shabaha, mimi nasogeza kipande kwa ncha ya kidole hadi aseme, "Hapo. Sasa nakiona kimoja." Mwanga unaingia, macho yote mawili yako wazi, uso umetulia, ila picha ya kushoto imekuwa ukungu na ubongo hauna budi kuchukua ya kulia.

Kundi lilishuka hadi milimita 31. Angekuwa mpigaji mtu mzima aliyezoea bega la kulia kwa miaka ishirini, ningeishia hapo, na ningemshauri yeyote aishie hapo. Hata katika mashindano ya kimataifa wapigaji wa bunduki wanaruhusiwa kuweka kizuizi chembamba mbele ya jicho lisilolenga, ili mradi vipimo vifuatwe.

Kilichonisumbua ni kwamba dawa ilikuwa kwenye miwani, haikuwa ndani ya mtoto. Miwani ikiteremka kidogo puani, jicho la kushoto linachungulia juu ya utepe na risasi inakwenda kushoto. Akiinamisha kichwa tofauti, hivyo hivyo. Katika wiki ya tano alipiga nne safi kwenye kitone na ya tano ikaruka nje ya karatasi. Hakulia, lakini aliweka bunduki chini vizuri, akavua miwani, akaniuliza, "Sasa hiyo ilikuwa mimi au ilikuwa jicho?" Sikuwa na jibu. Mtoto anayejifunza anahitaji kujua risasi mbaya imetoka wapi, na mimi nilikuwa nimemwekea kitu kinachomficha hilo.

Kocha mmoja mzee pale uwanjani, ambaye huwa hasemi mpaka aulizwe, nilimuuliza. Akaniambia: "Mama, mkono unafundishika. Jicho hilo utabishana nalo mpaka lini?"

Wiki ya sita

Niliketi na binti yangu nikamweleza njia zote mbili, na kwamba uamuzi ni wake. Tunaweza kubaki kulia na utepe. Au tunaweza kuhamia bega la kushoto, jicho lake tawala likae lenyewe nyuma ya kilengeo, na mikono ijifunze upya. Nilimwambia wazi kwamba majuma ya mwanzo atapiga vibaya kuliko sasa.

Nikamsimulia habari za Károly Takács wa Hungaria. Alikuwa mpigaji bastola wa mkono wa kulia, mwaka 1938 guruneti likauharibu mkono huo, akajifundisha kwa mkono wa kushoto, na akashinda dhahabu ya Olimpiki London mwaka 1948 na tena Helsinki mwaka 1952.

Akafikiri. "Lakini yeye hakuwa na mkono mwingine. Mimi ninao."

Ni kweli, na nilifurahi kwamba amelisema. Nikamjibu kwamba ndiyo maana simlazimishi. Siku mbili baadaye, tukiwa tunafua nguo, akasema anataka kujaribu kushoto kwa wiki nne, na ikishindikana tunarudi kwenye utepe. Tukaandika kwenye daftari.

Jambo moja la vifaa. Bunduki yetu ya nyumbani kitako chake kimechongewa shavu la kulia, kwa hiyo upande wa kushoto kinamsukuma uso nje. Uwanja ulituazima bunduki ya hewa iliyoshindiliwa, ya vijana, nyepesi, yenye kitako kilicho sawa pande zote mbili. Hili si dogo. Nimeona watoto wakihamishiwa kushoto na bunduki ya kulia, kisha wanaambiwa kushoto kumewashinda. Bunduki ya mashindano kamili inaweza kufika kilo 5.5, na hiyo si ya kumpa mtoto wa miaka kumi kwa namna yoyote.

Wiki ya sita hadi ya tisa

Siku ya kwanza kushoto: milimita 74. Yote yamezunguka kitone lakini yametawanyika kama mahindi yaliyomwagika. Nilichokiangalia mimi ni kwamba hakuna hata moja iliyokimbilia upande mmoja. Macho wazi, hakuna utepe, na uso umelala kama wa mtu anayesoma.

Kazi iliyobaki ilikuwa ya kidole. Kidole chake cha shahada cha kushoto hakijawahi kufanya jambo lolote la ustadi maishani mwake, kwa hiyo kilikuwa kinanyakua kifyatulio badala ya kukibana. Bunduki hii ya kuazima ina kitufe cha mazoezi, kifyatulio kinafanya kazi bila hewa kutoka, basi tukawa tunaanza kila kipindi kwa mibano ishirini bila risasi, mbele ya ukuta mweupe, akitazama tu kama kilengeo kinatikisika. (Bunduki za upepo zinazosukuma hewa kwa springi zisifanyiwe hivi. Zikifyatuliwa tupu, pistoni inajigonga na kuharibika.) Nyumbani alikuwa anafanya mazoezi kwa kibanio cha nguo: kukifungua polepole kwa kidole kile, kukishikilia, kukiachia polepole.

Kupakia kulimtatiza pia. Kila alipotaka kuweka risasi alirudisha mikono kama alivyozoea, na mtutu ukaanza kugeuka. Hapo sikuwa mpole. Tulisimama, tukarudia mwendo mzima mara kumi bila risasi: mtutu kwenye mfuko, mkono wa kushoto umeshika kitako, wa kulia unafungua na kupakia. Sasa anafanya bila kuambiwa.

Wiki ya saba 58. Wiki ya nane 40. Wiki ya tisa 33, na hapo muda wa makubaliano ukawa umekaribia kuisha.

Wiki ya kumi

Milimita 27. Ni bora kuliko siku yake nzuri kuliko zote akiwa kulia na utepe. Nilimkumbusha kwamba leo ndiyo siku ya kuamua. Akaniuliza kama kitako cha bunduki ya nyumbani kinaweza kubadilishwa. Hilo nililihesabu kuwa jibu.

Wiki ya kumi na tatu

Tumeweka kilengeo cha nyuma chenye tundu dogo badala ya kile cha wazi. Nilisubiri kwa makusudi. Tundu linamlazimisha mtu kutumia jicho lililo nyuma yake, na ningelianza nalo siku ile ya kwanza lingeweza kulificha tatizo bila kulitatua: angeona ukungu, vivuli viwili, akachoka, nami ningesema hana subira.

Leo milimita 22, na kwa mara ya kwanza tulitundika karatasi halisi ya mashindano. Duara jeusi lina kipenyo cha milimita 30.5, na alama ya kumi ni kitone cha nusu milimita katikati. Alikisogelea kile kitone hadi pua ikakaribia kugusa karatasi.

"Hiki ndicho mnachokipigaga?"

"Ndicho."

Alipata saba mbili, nane mbili na sita moja. Alama aliziandika mwenyewe kwenye daftari kwa mkono wa kulia, kisha akahamisha kalamu kushoto akatia tarehe, herufi zimelala kama nyasi. Wiki ijayo tunaanza kupunguza mchanga kwenye mfuko, ili kidogo kidogo uzito uje mikononi mwake. Na mdogo wake wa miaka saba ameshaomba apimwe kwa kitundu cha viganja. Mara tano kulia, mara tano kushoto. Huyo tutampima tena mwakani kabla hajashika chochote.